Koti Lililolipiwa Ushuru

Kuna koti la kiume ambalo wakusanyaji wa nguo za zamani huko Ulaya, Marekani na Japani hulitafuta kwa hamu. Rangi yake ni ya kaki au ya kijani kilichochujuka. Lina mifuko minne yenye vifuniko, miwili kifuani na miwili chini ya kiuno. Lina vikanda vya mabegani vinavyofungwa kwa kifungo, ukosi unaosimama, na zipu nzito ya shaba. Ndani ya ukosi kimeshonwa kipande cha kitambaa chenye jina la mbunifu mashuhuri. Halikushonwa kwa ajili ya vita. Lilishonwa mwishoni mwa miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya wanaume wenye fedha waliotaka kufanana na askari bila kulala handakini. Leo hununuliwa kwa mamia ya dola, na mara nyingine kwa maelfu.

Koti hilohilo, likitolewa na mtu asiyejua thamani yake, huingia katika belo la mitumba, likavuka bahari, likashushwa bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, likalipiwa ushuru, belo likafunguliwa Karume au Gikomba, na kijana akalinunua kwa bei ya sahani chache za wali. Kuanzia hapo linabadilika jina. Huko lilikotoka liliitwa mtindo. Huku, siku atakapokutana na mtu mwenye rungu aliyeamka vibaya, litaitwa kosa la jinai.

Hoja yangu ni hii. Sheria zetu za sare, kwa namna zinavyotekelezwa leo katika Afrika Mashariki, haziwalindi wananchi dhidi ya askari bandia. Zinawalinda wenye mamlaka dhidi ya mnyonge anayethubutu kuonekana kama wao. Na wakati tunamkamia kijana aliyevaa nguo ya askari bila kuwa na nguvu ya askari, hatuna jibu juu ya mtu mwenye nguvu ya askari anayetujia bila nguo yake. Nitakwenda hatua kwa hatua, kwa sababu jambo hili hupitishwa kama suala dogo la mavazi, nalo si dogo.

Tuanze na koti lenyewe. Wabunifu hawakulibuni, waliliazima. Mfano wake mkuu ni koti la Jeshi la Marekani liitwalo M-65, jina linalotokana na mwaka 1965. Lilikuwa na mifuko minne mikubwa na kofia nyepesi iliyokunjwa ndani ya ukosi. Walioliona Vietnam waliendelea kulivaa mitaani waliporudi, kwa kuwa lilikuwa imara na lenye joto. Aprili 1971 maveterani waliopinga vita hiyo walikusanyika Washington wakiwa wamevaa mabaki ya sare zao, wakazitupa nishani zao mbele ya jengo la Bunge. Vazi la jeshi likawa vazi la kuipinga vita ya jeshi. Maduka ya ziada ya jeshi yakaliuza kwa bei ya chini, wanafunzi na wanamuziki wakalinunua, na karne ilipokaribia kwisha wabunifu kama Helmut Lang wa Austria na Raf Simons wa Ubelgiji wakalichukua, pamoja na jaketi la marubani liitwalo MA-1, wakapunguza hapa, wakarefusha pale, na kuliuza kwa bei ambayo askari wa kawaida asingethubutu kuilipa.

Wala si koti hilo pekee. Kabati zima la mwanamume wa leo limetoka kambini. Koti refu la mvua lenye mkanda kiunoni lilipata umbo lake katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, na vikanda vyake vya mabegani viliwekwa ili kubeba alama za cheo. Kaki ni neno la Kiurdu lenye asili ya Kiajemi, maana yake rangi ya vumbi, na lilianza kuwa jina la rangi ya sare katika vikosi vya Waingereza huko India miaka ya 1840. Tai imetokana na vitambaa vya shingoni vya askari wa Kikroeshia waliopigana Ufaransa katika karne ya 17. Sweta ya vifungo imerithi jina la mkuu mmoja wa Kiingereza aliyeongoza wapanda farasi katika vita vya Crimea. Saa ya mkononi ilizoeleka kwa wanaume katika vita vya 1914 hadi 1918, wakati kuitoa saa mfukoni kulikuwa kupoteza muda na pengine maisha. Ukiamua kumvua ofisa utumishi kila kilichotoka jeshini kabla hajaingia ofisini, utamfikisha mezani karibu uchi.

Siasa zetu nazo zimevaa nguo za ukoo huo. Kizazi cha uhuru kiliachana na suti ya Kizungu kikaingia katika suti ya Kaunda na ile iliyoitwa Chou En-lai: ukosi uliofungwa, mifuko iliyoshonwa nje, hakuna tai. Mobutu aliitunga abakosti yake huko Zaire kwa mantiki hiyohiyo. Miaka ya karibuni wanachama wa Chadema wametambulika kwa magwanda ya kaki. Kila mmoja wao alijua alichokuwa akikisema. Mkato wa kijeshi ulitangaza nidhamu, kazi, mapambano, utayari. Ulikuwa lugha ya umma, na wote walioitumia waliona ni haki yao kuitumia.

Sasa tuitazame sheria. Kifungu cha 178 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania kinamkataza asiyekuwa askari kuvaa sare ya majeshi bila kibali. Kingeishia hapo nisingekuwa na ugomvi nacho. Lakini kinaendelea kukataza hata vazi lenye mwonekano wa sare. Kisha kinatoa msamaha: mtu anaweza kuvaa vazi hilo akiwa katika mchezo wa kuigiza jukwaani au katika maonyesho ya sarakasi. Anayeshangaa sarakasi imeingiaje katika sheria ya Tanzania na ajue kwamba maneno hayo ni mwangwi wa Sheria ya Sare ya Uingereza ya mwaka 1894, enzi za Malkia Victoria, wakati wanajeshi walilalamika kwamba sare zao zilikuwa zikivaliwa na watu wa mitaani na kudhalilishwa. Tulirithi hofu ya mabwana wa karne ya 19 pamoja na sarakasi zao.

Jambo la kuzingatia ni kwamba sheria hiyo ya 1894 haikuwazuia Waingereza wenyewe kuuza na kuvaa sare kama nguo za kawaida. Katikati ya miaka ya 1960, Portobello Road mjini London, palikuwa na duka lililojiita I Was Lord Kitchener's Valet, maana yake nilikuwa mtumishi wa chumbani wa Kitchener. Duka hilo liliuza sare halisi za dola ya Victoria kwa vijana wa muziki. Kitchener ndiye jenerali ambaye majeshi yake yaliua maelfu ya Wasudani katika siku moja huko Omdurman mwaka 1898. Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi aliyekuwa ametumikia jeshi la nchi yake kama askari wa miamvuli, alilifanya koti la aina hiyo, lenye nakshi za dhahabu kifuani, kuwa sehemu ya sura yake mbele ya dunia. Mwaka 1967 The Beatles walipiga picha ya jalada la santuri yao wakiwa wamevaa sare za hariri za rangi nne. Mei 1984 Michael Jackson alipokelewa Ikulu ya Marekani na Rais Reagan, amiri jeshi mkuu wa jeshi lenye nguvu kuliko yote, akiwa amevaa koti lenye mapambo ya mabegani na mshipi wa dhahabu kama amirali. Hakuna aliyedhani kwamba usalama wa Marekani umetikisika.

Watu wa pwani yetu hawakuhitaji kufundishwa mchezo huu na London. Tangu miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, na baadaye kote Tanganyika, palikuwa na ngoma ya beni. Vyama vya beni, vikiwemo Marini na Arinoti, vilikuwa na matarumbeta, gwaride, vyeo vya kingi na jenerali, na mavazi yaliyoshonwa kwa mfano wa sare za Wazungu. Mwanahistoria Terence Ranger aliviandikia kitabu kizima mwaka 1975. Walioshiriki walikuwa makarani, mahamali, askari, mafundi. Kwa mchana walipokea amri. Jioni walivaa vikanda vya mabegani na kuitembeza amri hiyo barabarani, nusu kwa kuisifu na nusu kwa kuikejeli. Watawala wa kikoloni walizitazama ngoma hizo kwa wasiwasi, maana hawakuweza kujua kwa hakika ni wapi heshima inaishia na kejeli inaanza. Babu zetu walielewa kwamba sehemu ya mamlaka ni vazi, na kwamba anayeweza kulivaa vazi hilo kwa mchezo ameanza kuacha kuliogopa.

Tena tukumbuke tunanunua wapi nguo hizi. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kilichopiga kambi pale baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa njaa, kuhara na malaria wakiibeba mizigo ya vita isiyo yao. Walikuwa sehemu ya jeshi kwa kazi na kwa kifo, lakini si kwa heshima ya sare. Sanamu ya Askari iliyosimikwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927 ina kofia, bunduki na singe. Mpagazi wa Dar es Salaam amebaki na jina la soko. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba sare ni kitu kitakatifu kisichopaswa kuguswa na raia, namuuliza: ni raia gani huyo? Yule ambaye mababu zake waliikokota mizinga wakiwa peku?

Msomaji anaweza kudhani ninapigana na kivuli, kwamba sheria hii imelala. Haijalala. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa wananchi siku saba kusalimisha sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo. Uganda, Septemba 2019, kofia nyekundu iliyokuwa alama ya wafuasi wa Bobi Wine iliingizwa katika Gazeti la Serikali kama vazi rasmi la jeshi, kwa adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha. Mwezi uliofuata vyombo vya dola vilivamia ofisi zao na kuzikusanya. Hapo ndipo maana ya kweli ya sheria za namna hii ilipojianika. Watu walikuwa wamekwisha kuivaa kofia ile kama alama ya siasa, ndipo dola ikaigeuza kuwa mali ya jeshi. Sheria iliyokusudiwa kumzuia raia asijifanye askari ikatumika kumzuia asiwe mpinzani.

Kwa upande wa Tanzania, athari zake hazionekani sana mahakamani. Zinaonekana vituoni na mitaani. Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha, mtoto wa mkulima, alivaa koti la aina ninayoizungumzia asubuhi moja ya baridi katika mji mmoja wa nyanda za juu. Lilikuwa la rangi ya kijani tupu, bila mabaka, bila alama ya cheo, bila nembo ya kikosi chochote, na lebo yake ilitaja mbunifu wa Kiitalia. Wanaume watatu, mmoja tu akiwa na sare, walimshusha kwenye basi, wakamrusha kichurachura mbele ya abiria, wakalichukua koti na kumwambia ashukuru hawakumpeleka kituoni. Hakupewa hati ya kukamatiwa mali. Hakutajiwa kifungu cha sheria. Alikosa basi, na kwa kukosa basi alikosa usaili wa kazi. Aliponisimulia, kilichomuuma zaidi halikuwa koti. Alisema: "Mwalimu, walijua kabisa kwamba mimi si mwanajeshi." Hilo ndilo neno la kushika. Sheria ya kuzuia udanganyifu ilitekelezwa na watu ambao hawakudanganyika hata kidogo.

Najua majibu yatakayotolewa, na baadhi yana uzito.

La kwanza ni la usalama. Majambazi wamewahi kutumia sare kusimamisha magari na kuingia majumbani; je, tuache milango wazi? La hasha. Anayevaa sare ili aaminiwe kuwa askari, kisha akapora, akatisha au akapata huduma asiyostahili, aadhibiwe vikali kuliko ilivyo sasa. Lakini angalieni kiini cha kosa lake. Ni kujifanya, ni nia ya kulaghai. Jambazi hatafuti koti la mbunifu lililopungukiwa nembo. Anatafuta sare kamili, na mara nyingi anaipata kwa mtu wa ndani. Kumnyang'anya mwanafunzi koti la baridi hakumzuii jambazi huyo kwa namna yoyote.

La pili ni la heshima ya jeshi. Sare, wanasema, imelowa jasho na damu ya waliokwenda Kagera na waliofia Darfur na Kongo. Nakubali, na ninaiheshimu damu hiyo. Ndiyo sababu nataka kitu kinacholindwa kijulikane: nembo, cheo, beji, mchoro maalumu wa mabaka unaotumiwa na jeshi letu leo. Vitu hivyo vina damu. Mifuko minne haina damu. Kikanda cha begani kilichoshonwa kiwandani Milano hakina damu. Anayevichanganya hivi viwili hakiheshimu kilicho kitakatifu. Anakishusha hadhi kwa kukilinganisha na kila kitambaa cha kijani sokoni.

La tatu ni rahisi kulisema: tupige marufuku mitumba, na tatizo litakwisha. Tumelijaribu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu katika mpango wa AGOA, na Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda iliyosimama kwenye msimamo wake ilisimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Mjadala wa mitumba na viwanda vyetu ni mjadala wa haki na nitaurudia siku nyingine. Hapa nasema jambo moja tu. Dola iliyoshindwa kumzuia msafirishaji mwenye makontena isijipatie ushindi wa bei rahisi kwa kumvua nguo mnunuzi wa mwisho. Koti lile lilipita mikononi mwa serikali kabla ya kumfikia kijana. Lilipimwa, lilithaminiwa, lililipiwa ushuru, likapewa hati ya kutoka bandarini. Kama ni haramu, lilikuwa haramu siku ile. Haiwezekani fedha yake iwe halali kwa hazina na uvaaji wake uwe kosa kwa raia.

Nimetaja tabaka, na niliseme wazi. Mwenye uwezo akinunua koti hili jipya katika duka la ghorofa, akashuka nalo kwenye gari lake, hakuna atakayemrusha kichura. Vazi ni lilelile. Tofauti ni kwamba yeye ana namba ya simu ya mtu, na yule wa kwenye basi hana. Dau la mnyonge haliendi joshi, walisema wahenga, na katika suala hili hata koti la mnyonge haliendi joshi. Sheria inayotegemea mwonekano humpa kila mwenye rungu madaraka ya kuamua nani anaonekana kama nini. Na madaraka hayo hayajawahi, popote duniani, kumwangukia tajiri.

Tena tumewahi kupita njia hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana, kampeni ya kupambana na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana jijini Dar es Salaam. Ilitangazwa kwa jina la utamaduni. Mitaani ikawa kibali kwa vijana wa kiume kuwavamia na kuwadhalilisha wasichana waliokuwa wakienda kazini. Taifa halikupata utamaduni wowote kwa kazi ile. Lilipata kundi la watu waliozoea kumgusa mwenzao mwilini kwa kisingizio cha amri.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko koti lolote. Tangu mwaka 2017 lugha yetu imepata msamiati mpya: watu wasiojulikana. Ni watu wanaokuja kwa gari lisilo na namba za kuaminika, wamevaa kiraia, wanasema wao ni wa vyombo vya usalama, wanamchukua mtu mbele ya wanawe, na kesho yake kila chombo kinakana kumjua. Kenya nayo, tangu maandamano ya Juni 2024, imeshuhudia vijana wakichukuliwa na watu waliofunika nyuso na wasiovaa sare. Familia zinazunguka kituo hadi kituo na picha mkononi.

Weka mambo mawili haya pamoja, ndugu msomaji, uone jinsi yanavyokataa kukaa meza moja. Sare ilibuniwa ili mwenye nguvu ajulikane. Kwa sare, raia anamtambua aliyetumwa na dola, anasoma jina lake kifuani na namba yake begani, na akionewa anajua amshitaki nani. Sare ni kizuizi kwa anayeivaa kabla ya kuwa heshima yake. Sisi tumeigeuza. Tunailinda kwa ukali dhidi ya raia asiye na nguvu yoyote, huku tukimruhusu mwenye nguvu aivue anapotaka kufanya lile asilotaka kujibia. Kijana ananyang'anywa koti kwa kufanana na askari. Mtu mwingine anamteka mwenzake kwa kutofanana na askari, na hakuna anayempa siku saba.

Kwa hiyo sidai sheria ya sare ifutwe. Nadai ikamilike, iwe na ncha mbili kama panga. Kwa upande wa raia, yafanyike mambo matatu. Kwanza, maneno ya mwonekano yaondolewe katika kifungu cha 178, na mahali pake paorodheshwe katika Gazeti la Serikali, kwa picha na maelezo, mabaka, nembo na beji zinazolindwa, ili mwuza mitumba na mnunuzi wajue mapema. Pili, kosa lithibitishwe kwa nia ya kudanganya au kwa uvaaji wa alama hizo zilizoorodheshwa, na si kwa rangi wala mkato. Tatu, nguo zilizokatazwa zikaguliwe bandarini na katika maghala, na anayekamatiwa nguo mtaani apewe hati yenye jina la aliyemkamata na kifungu alichotumia.

Kwa upande wa dola, jambo moja linatosha kuanzia: mtu yeyote asikamatwe na mtu asiyetambulika. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tayari inamtaka anayekamata aseme sababu. Iongezwe kwamba asiyevaa sare lazima aonyeshe kitambulisho kinachosomeka na kutaja kituo anakompeleka mtu, na kwamba kukamata kwa uso uliofunikwa bila kitambulisho ni kosa lenye adhabu kubwa kuliko ya kuvaa koti. Askari mwema hatapoteza chochote kwa sharti hilo. Litamtenganisha na wale wanaolichafua jina lake.

Wanafunzi wa sheria mnaonisoma, kifungu hicho kina mistari michache. Kisomeni, mkilinganishe na ile sheria ya 1894, na mwandike tasnifu zinazoweza kuingia mezani kwa Tume ya Kurekebisha Sheria. Wanaharakati, mnapokusanya taarifa za watu waliopotea, kusanyeni pia taarifa ndogo za walionyang'anywa nguo, kwa tarehe na mahali, kwani uonevu mkubwa hujifunzia kwenye mdogo. Nanyi watumishi wa umma, ambao mara nyingi huniandikia faraghani kwamba mnakubaliana nami lakini hamna la kufanya: mnalo. Yupo kati yenu anayeandaa rasimu za kanuni, yupo anayesaini hati za kutoa mizigo bandarini, yupo anayesimamia mgambo wa halmashauri. Mgambo wako akikuletea koti alilomvua mtu stendi, mwulize kwa maandishi: ni kifungu gani, ni alama gani, na risiti iko wapi?